Ule mkanda wa chupa ya soda: niwaonyeshe wanangu au niache?

MamaNeema_Moro

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisaidie jambo lililoleta mabishano nyumbani kwangu.

Mliokua miaka ya themanini na tisini mnaikumbuka The Gods Must Be Crazy. Mtaani kwetu tuliiita mkanda wa chupa. Mtu mfupi, mwembamba, anaitwa Xi, anaishi Kalahari na ndugu zake. Rubani anapita juu na kindege, anamaliza soda yake, anatupa chupa ya Coca-Cola dirishani. Inaangukia mchangani, haivunjiki. Mwanzoni ni neema tupu: wanalainishia ngozi ya nyoka, wanatwangia mizizi, wakiipuliza mdomoni inaimba. Lakini ni moja tu. Watu ambao hawajawahi kugombania kitu wanaanza kunyang'anyana, mpaka mtoto anampiga mwenzake nayo kichwani. Xi anaizika, inafukuliwa. Anairusha juu kuirudisha kwa miungu, inarudi chini. Basi anaaga ndugu zake na kuondoka kwa miguu kwenda kuitupa kwenye ukingo wa dunia.

Baba yangu alifanya kazi reli, na rafiki yake mmoja alikuwa na deki. Siku ya mkanda sebule ya yule bwana ilijaa watu hadi mlangoni, sisi watoto mbele kwenye mkeka. Ile Land Rover isiyo na breki ilipoanza vituko vyake, watu wazima walicheka hadi wakajifuta machozi, nami nilicheka nao. Kilichonikaa moyoni ni kingine. Ni pale Xi ana njaa, anaona mbuzi, anampiga mshale kama ambavyo angempiga mnyama yeyote wa porini. Polisi wanampiga risasi ya mguu. Mara yuko mahakamani, kasimama pale na kikaptula cha ngozi, anamtazama hakimu, anawatazama watu, uso wake mkunjufu kabisa, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Hajui hata kwamba anashtakiwa. Halafu gerezani, hali chakula, amekaa tu. Nilikuwa mdogo sana kuelewa sheria, lakini nilielewa kwamba pale hakuna mtu aliyemwambia yule baba kitu. Usiku ule nilimuuliza mama kwa nini hawakumuuliza kama ana njaa. Mama aliniambia nilale.

Sasa nina wangu, mkubwa yuko darasa la sita, mdogo la pili. Nilitaka likizo hii tuitazame pamoja. Binti wa dada yangu, anasoma chuo, alikuwa kwangu nilipolisema hilo. Akaniambia, "Mama mdogo, usiwaonyeshe. Hiyo filamu ni ya makaburu, ilitengenezwa kumdhalilisha Mwafrika." Sikumjibu, kwa sababu namheshimu na najua anasoma mambo hayo. Ila sijapata amani tangu siku hiyo.

Naomba kuuliza. Yule mwigizaji alikuwa nani hasa? Ni kweli waliokota mtu porini akawa vile alivyo, au aliigiza? Yupo hai? Na ninyi mliokua nayo, leo mkiwa na watoto mnaiona vipi?

---

FundiDeki

Mama Neema, umenipeleka mbali. Mimi nilikuwa na kibanda umiza Singida, enzi za deki na jenereta. Mikanda ya kareti ilileta vijana, ya Kihindi ilileta akina dada. Huu wa chupa ulileta hadi wazee wenye bakora, watu ambao hawajawahi kulipia video maishani mwao. Nilikuwa nauweka Jumamosi na bado Jumapili wananiomba niurudie.

Nikwambie kitu kuhusu kijana wangu wa kutafsiri. Alikuwa anasimama pembeni na maikrofoni. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha, lakini Xi akifungua mdomo yeye alikuwa anamfanya aongee Kinyaturu. Kinyaturu kabisa, cha vijijini, na salamu zake zote! Watu walikuwa wanashangilia kama vile wamemwona mjomba wao kwenye runinga.

Kuhusu binti yako: mwambie atazame tena nani anaanguka na nani hasimami vizuri. Yule mzungu Steyn, mwanasayansi anayechunguza mavi ya tembo, akimwona tu mwanamke anakanyaga kila kitu, anaangusha kila kitu, gari lake linaishia kuning'inia juu ya mti. Kuna sehemu picha imeharakishwa makusudi, watu wanakimbia kama siafu. Yule kifaru anayekuja kuuzima moto kwa kwato na kuwaacha wazungu gizani. Wote hao ndio kichekesho. Xi peke yake ndiye anayetembea taratibu na anayejua anakokwenda. Kwenye kibanda changu hakuna aliyemcheka Xi hata siku moja. Walimpenda.

Waonyeshe wanao.

---

MjukuuWaChemba

Mama Neema, nimesoma swali lako mara mbili kabla ya kujibu, maana mkanda huu una sehemu yangu ndani yake.

Bibi yangu mzaa mama ni Msandawe wa Kwa Mtoro. Lugha yake ina zile sauti za kugonga ulimi, kama walivyonazo Wahadzabe wa Ziwa Eyasi na kama walivyonazo watu wa Xi kule kusini. Wataalamu wa lugha wamebishana kwa miaka mingi kama Kisandawe kina undugu wowote na lugha za kule. Mimi simo katika ubishi huo. Ninachojua ni kwamba nilikulia Dodoma mjini, na bibi alikuwa akija kututembelea na mtama wake na karanga zake, nikimsindikiza sokoni tunaongea lugha yake barabarani bila wasiwasi wowote. Kisha mkanda wa chupa ukafika mtaani. Katika muda mfupi shule nzima ikajua kugonga ulimi. Bibi alipokuja tena, watoto walitufuata nyuma wakigonga ndimi na kuniuliza chupa tumeificha wapi. Yeye hakuwa ameuona mkanda. Aliniuliza wale watoto wanasema nini. Nikamwambia hawasemi kitu. Baada ya hapo nikawa namjibu kwa Kiswahili tukiwa nje.

Kwa hiyo FundiDeki, kaka yangu, nakuamini kwamba ndani ya kibanda chako Xi hakuchekwa. Sisi tulikuwa nje ya kibanda.

Na pamoja na hayo yote, naupenda mkanda ule. Nimeutazama nikiwa mtu mzima mara nyingi na kila mara ninamtazama mtu mmoja tu. Angalieni mikono yake. Angalieni anavyokaribia kitu asichokijua: anasimama kwanza, anakizunguka, anachuchumaa, ananyoosha kidole, anarudisha. Angalieni anavyopewa noti za mshahara mwishoni na anavyoziacha zianguke, bila dharau, kwa sababu tu hazina kazi mkononi mwake. Angalieni ile sura ya mahakamani uliyoitaja, Mama Neema. Mtu anayekuja kwa kila mgeni akiamini ni mwema mpaka athibitishiwe vinginevyo. Sasa nikujibu swali lako la aliokotwa au aliigiza, kwa sababu hapo ndipo penye uchungu wangu wote.

Aliigiza.

Anaitwa N!xau. Hakuwa mtu aliyekutwa jangwani hajawahi kuona chupa wala mzungu. Alikulia Botswana akichunga ng'ombe kwenye shamba la Waherero, kabila la wafugaji. Mwaka 1976 alihamia Namibia, eneo ambalo serikali ya Afrika Kusini ilikuwa imelitenga na kuliita Bushmanland, akafanya kazi ya upishi katika shule ya huko. Mpishi wa shule! Mtu anayejua sufuria, mshahara, lori, kengele ya shule na bosi. Jamie Uys, mwongozaji wa filamu ile, akamwambia acheze mtu ambaye hajui hata kimoja kati ya hivyo. Akakisahau kila anachokijua mbele ya kamera, kipande baada ya kipande, na dunia nzima ikaamini. Filamu ilitoka mwaka 1980, ikafika Marekani mwaka 1984, watu wakajaa sinema miezi na miezi. Wakatoka pale wakisema, "Yule mtu ni halisi kabisa, haigizi."

Hebu fikirini. Mwigizaji wa kizungu akijifanya mlevi au kipofu kwa saa moja na nusu anapewa tuzo na anaandikwa magazetini kwa kipaji chake. N!xau alijifanya mtu wa dunia nyingine kwa mkanda mzima, bila maneno tunayoyaelewa, akiwa na uso na mwendo tu, na sifa aliyopewa ni kwamba hakuwa akifanya kazi. Huo ndio udhalilishaji ninaouona mimi. Binti wa dada yako yuko karibu nao, ila nadhani ameuelekezea kidole mahali pengine.

Maana sikilizeni msimulizi mwanzoni. Sauti tulivu, ya kirafiki, inatuambia watu hawa hawana uhalifu, hawana adhabu, hawana kitu cha kumiliki, hawajui kwamba kuna watu wengine duniani. Wanakunywa umande wa majani na wana furaha. Wakati maneno hayo yanarekodiwa, watu wa N!xau walikuwa wameshapoteza sehemu kubwa ya ardhi yao ya kuwindia. Wengi walikuwa wamejazana Tsumkwe, makao ya utawala, wakisubiri mgao wa unga wa mahindi, pombe na kifua kikuu vikiwamaliza, na jeshi la Afrika Kusini likiwaandikisha vijana wao kwenda kupigana na wapigania uhuru wa Namibia. Hili si la kusimuliwa. John Marshall, Mmarekani aliyekuwa akiwapiga picha watu hao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, alitoa filamu yake ya maisha ya mama mmoja wa huko, N!ai, mwaka huohuo wa 1980. Ndani yake mnaona foleni ya unga, mnaona askari, na mnaona hata wapiga picha wa Jamie Uys wakiwa kazini, wakiwaelekeza watu wacheze maisha yasiyokuwepo tena. Mikanda miwili, watu walewale, mwaka mmoja. Kibandani kwetu ulikuja mmoja tu.

Sasa rudi kwenye mbuzi wako, Mama Neema. Ulipokuwa mtoto ulichagua sehemu moja ikakukaa, na nadhani ulichagua sehemu ya kweli kuliko zote. Watu wa jamii za Wasan, yaani watu wa N!xau na ndugu zao, waliwekwa kizuizini kwelikweli kwa kuwinda katika nchi ambayo jana ilikuwa yao na leo ni shamba la mtu au hifadhi. Msimulizi hasemi hivyo. Yeye anatuambia Xi hajui umiliki ni nini. Lakini uso wa N!xau pale kizimbani unasema zaidi ya msimulizi. Mimi siamini kwamba mtu aliyekulia akichunga ng'ombe za wengine alisimama mbele ya hakimu wa kuigiza bila kujua anaigiza nini.

Umeuliza kama yupo hai. Hapana. Alifariki mwaka 2003, karibu na Tsumkwe. Umri wake haukuwa na karatasi, walimkadiria miaka 59 hivi. Alishawahi kuugua kifua kikuu. Kwa filamu ya kwanza alilipwa fedha kidogo sana. Walipomrudia kwa ajili ya ya pili, iliyotoka mwaka 1989, hakukubali hivihivi: alidai malipo makubwa, akasema anataka kuijengea familia yake nyumba ya matofali yenye umeme na pampu ya maji. Alipomaliza sinema alirudi kwao akalima mahindi, maboga na maharage, akafuga ng'ombe. Nikisoma habari hiyo ya nyumba ya matofali huwa nafurahi sana. Huyo ndiye N!xau, mtu aliyejua bei ya kazi yake.

Waonyeshe wanao. Lakini wakiuliza "huyu ni nani," msiwaambie ni mtu wa porini. Waambieni ni mwigizaji, mmoja wa wakubwa waliopata kutokea Afrika, na waambieni jina lake.

---

FundiDeki

Mjukuu, pole kwa bibi. Yale ya kufuatwa barabarani sikuyajua na yameniumiza.

Ila nikuulize. Yule kijana wangu aliyemfanya Xi aongee Kinyaturu, naye unamweka kundi la msimulizi?

---

MjukuuWaChemba

Hapana, kaka. Nimelifikiria hilo tangu nilipolisoma. Wote wawili walimsemea mtu aliyekuwa akisema mwenyewe, maana N!xau anaongea katika mkanda mzima na karibu hakuna mtazamaji aliyewahi kuelezwa anachosema kwa maneno yake. Lakini msimulizi alimsemea ili awe mbali nasi. Kijana wako alimsemea akawa jirani wa Singida. Natamani angekuwa Dodoma mwaka ule.

---

MzeeWaKongwa

Vijana, nawasalimu. Mmeongea vizuri, na huyu Mjukuu amenifundisha. Lakini kuna upande wa mkanda huo hamjaugusa, nami kwa umri wangu siwezi kuunyamazia.

Mimi ni wa Kongwa. Nilikuwa mtoto pale wakati kambi ya wapigania uhuru ilipoanzishwa miaka ya sitini. Walikuwepo wa FRELIMO ya Msumbiji, wakaja wa ANC ya Afrika Kusini, wakaja wa SWAPO. Wale wa SWAPO ndio hao wa Namibia, nchi ya N!xau. Tuliwaona sokoni. Waliongea Kiswahili cha kujifunza, wakinunua muhogo na sigara, wakituuliza majina yetu. Walikuwa wapole. Baadhi yao walicheza mpira na kaka zetu. Kisha unaona wachache, kisha huwaoni tena, wamekwenda kusini.

Sasa katika mkanda huo kuna kundi la waasi weusi wenye bunduki. Kiongozi wao ni Sam Boga. Wanavamia baraza la mawaziri wakaua watu, wakikimbizwa wanakwenda kuteka darasa zima la watoto. Ndani ya kundi kuna wawili kazi yao ni kucheza karata tu. Wajinga, wavivu, wakatili, na aliyewaleta kwenye ujinga huo ni mtu wa nje anayewaamrisha. Mwishoni Xi na mzungu wanawachoma sindano za usingizi na kuwakamata kama wanyama.

Filamu hii imepigwa wakati vijana niliowaona sokoni Kongwa wako porini wanapigania nchi yao. Ikauzwa nje kama filamu ya Botswana, kwa kuwa dunia ilikuwa inasusia vitu vya makaburu. Mtazamaji wa London au wa Tokyo anacheka, anatoka sinema amejifunza kwamba mweusi mwenye bunduki ni mpumbavu na mweusi mzuri ni yule asiyetaka kitu. Binti yetu wa chuo ana haki katika hilo, mama. Asikatishwe tamaa.

Namibia ilipata uhuru tarehe 21 Machi 1990. Siku hiyo baba yangu alikuwa bado hai. Alikaa karibu na redio tangu asubuhi, akataka kila mtu anyamaze.

Sisemi usiwaonyeshe. Nasema ukifika kwa Sam Boga, simamisha mkanda uwaambie watoto kwamba Kongwa ipo, si mbali na Morogoro, na kwamba wapiganaji wa kweli wa wakati ule walilala hapo. Ukiweza, siku moja waleteni. Sehemu za kambi bado zinaonekana, na makaburi yapo.

---

MamaNeema_Moro

Shikamoo mzee wangu. Nimekusoma polepole na nimempigia simu binti wa dada yangu nikamsomea yote. Ameomba nikusalimie. Amesema yale ya Kongwa hakuwa anayajua.

Mjukuu, asante sana. Nimekaa na lile neno lako la mpishi wa shule. Miaka yote hii nilimhurumia, sasa namheshimu, na ni vitu viwili tofauti kabisa moyoni.

Naomba nimalizie kwa mambo ya vitendo. Mdogo wangu yuko darasa la pili, ana woga. Kuna sehemu za kumrusha? Na ile ya pili mnasemaje, inafaa? Dukani nimeona pia nyingine za Kichina zenye sura yake juu ya kasha, sijui ni zipi.

---

MjukuuWaChemba

Dada, nianze na mdogo. Ile ya kuvamia baraza la mawaziri iko sehemu ya mwanzo mwanzo, na si kichekesho, watu wanapigwa risasi mezani. Mrushe hapo. Pale polisi anapompiga Xi risasi ya mguu haionyeshwi kwa kutisha, lakini mtoto mwenye huruma anaweza kulia, hivyo kaa karibu naye. Wewe uliumia hapo kabla yake, utajua la kusema. Kutekwa kwa watoto wa shule kunachukua muda mrefu, ila hakuna mtoto anayeumia.

Kuna jambo ninalolifanya mimi kwa wanangu, ukipenda ulijaribu. Dakika za mwanzo zile za Kalahari ninazima sauti kabisa. Msimulizi hasikiki. Ninawaacha watoto wanieleze wenyewe wanaona nini: yule mama anafanya nini na ile fimbo, yule mzee anacheka nini, watoto wanacheza mchezo gani. Huwa wanaona mambo mengi ambayo msimulizi hakuyataja, na hawaoni hata kidogo kwamba wale ni watu wa ajabu. Kisha chupa ikianguka ninarudisha sauti na tunaendelea. Mkubwa wako wa darasa la sita anaweza baadaye kuusikiliza mwanzo ule kwa sauti yake, aseme mwenyewe kama unalingana na alichokiona.

Mwishoni, Xi akifika kwenye ukingo wa dunia, ule mwamba wenye mawingu chini yake, waambie ni mahali pa kweli. Panaitwa God's Window, mashariki mwa Afrika Kusini, mkoa unaoitwa Mpumalanga siku hizi. Watalii wanakwenda kusimama palepale. Wangu walipenda sana kujua hilo, walitaka kuuliza kama chupa bado iko chini.

Ya pili, ya mwaka 1989, kwa mdogo wako ni nzuri kuliko ya kwanza. Watoto wawili wanapanda gari la majangili kwa udadisi, linaondoka nao, na baba yao anafuata nyayo za magurudumu jangwani kuwatafuta. N!xau ni baba tangu mwanzo hadi mwisho, na hapo utamwona ameshakomaa katika kazi yake, anajua kamera iko wapi na anaitumia. Mzee wa Kongwa nimtahadharishe: ndani yake kuna askari wawili wa vita vya Angola, mmoja wa kila upande, wanaotekana kwa zamu, imechezwa kwa kuchekesha. Nayo inahitaji maelezo.

Zile za Kichina ni za Hong Kong. Baada ya kazi ya Uys, watengenezaji wa kule walimwita N!xau akacheza nao, ya kwanza ikatoka mwaka 1991, Crazy Safari, kisha zikafuata nyingine mbili akiwa huko Hong Kong na China. Hazina uzito wa ile ya kwanza na sitakushauri uanzie hapo. Mimi ninazo zote nyumbani, kwa sababu yumo. Mpishi wa shule wa Bushmanland alifika hadi China kwa kazi ya mikono na uso wake, na wanangu wanalijua hilo.